Mtungi wa Masuku

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milima ya Umatengo kwa malori yao, kila mmoja na mizani yake, Wendelin aliuza kahawa yote ya nyumba kwa asubuhi moja. Kabla ya msimu mwingine alikuwa na nyumba ya bati ng'ambo ya bonde, na ndani yake Jacqueline, binti wa Mbinga mjini. Kunigunda, mke aliyefunga naye ndoa kanisani miaka ishirini na sita nyuma, alibaki na nyumba ya nyasi, jiko, na shamba moja la mlimani.

Hakupiga kelele. Siku Wendelin alipokuja kuchukua mitungi yake mitatu ya pombe, akisema mitungi hiyo aliinunua yeye, Kunigunda alimsaidia kuifunga kwa kamba za mgomba isije ikagongana njiani. Watu walisema, mwanamke mpole kweli. Haukuwa upole. Alikuwa anaipa mikono yake kazi ili isifanye jambo jingine.

Lakini shamba, hilo hakuwa tayari kumfungia mtu. Alikabidhiwa na baba mkwe wake, Mzee Placidi, mwaka alioolewa, na kwa desturi ya ukoo ule shamba la mlimani ni la yule anayelilima. Likilala misimu miwili mfululizo linarudi kwa ukoo, nao wanamgawia wanayemtaka. Msimu uliopita lilikuwa limelala, maana Kunigunda aliugua tangu Februari hadi Pasaka na hakuna aliyempelekea jembe. Sasa Februari nyingine ilikuwa inaishia, na Wendelin alishaanza kutembea kwenye mpaka wa shamba akipima kwa hatua mahali atakapopanda miche ya kahawa.

Kwenye milima ile maharage hayapandwi hivi hivi. Majani hufyekwa, yakikauka wanaume wanayapanga kwa mistari inayokatana, mraba baada ya mraba. Wanawake wanatia maharage juu ya majani, kisha wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia. Mlima mzima unabaki na mashimo kama sega la nyuki, na maji ya mvua yanatulia humo badala ya kuteremka na udongo. Ndizo ngolo. Kufyeka ni kazi ya wanaume, lakini Kunigunda alifyeka peke yake, wiki mbili, kwa nyengo ya kuazima, ule mundu wa kufyekea, mpaka viganja vikachubuka. Majani yakakauka. Kilichobaki kilitaka watu ishirini kwa siku moja, kabla mvua hazijakata, na watu ishirini huitwa kwa pombe. Kazi ya namna hiyo huitwa ngokela.

"Pombe unayo wapi, Mama Erasmo?" aliuliza Emiliana, jirani yake. Alimwita hivyo kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliyekuwa amekwenda kufanya kazi mashamba ya chai huko Njombe. "Na hata ukiipika, unajua wanachosema kilabuni?"

"Niambie."

"Wendelin anasema pombe ya mwanamke mwenye kinyongo hainywewi. Eti utawatilia watu kitu."

"Nikitaka kumtilia mtu mmoja kitu, nina haja gani ya kuwatilia ishirini?"

Emiliana alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Kisha akajifuta macho. "Hilo usije ukalirudia mbele za watu."

Emiliana alikuwa na pipa la plastiki, la buluu, lenye mfuniko wa kukaza. Wanawake wengi wa Mbinga walikuwa wameyapokea mapipa yale kwa furaha: mepesi, hayavunjiki, yanabeba pombe ya harusi nzima. Kunigunda aliingiza kichwa ndani, akavuta pumzi. Chini kabisa, nyuma ya harufu ya maji, kulikuwa na sabuni ya kiwandani iliyouzwa ndani yake.

"Nimeliosha na majivu mara kumi," Emiliana alisema.

"Plastiki ina kumbukumbu ya maovu tu. Mtungi unakumbuka pombe."

"Basi chukua pipa la chuma la mume wangu."

"Nitalichukua, la kuchemshia. Kuchachushia hapana."

Maana alishakata shauri kwamba pombe hii isiwe ya ulezi mtupu kama ya kila mtu. Alizaliwa Namswea, na mama yake alikuwa akitia masuku, yale matunda ya porini yenye ganda la kahawia na nyama ya njano, tamu kama asali. Mwaka mmoja mama yake alichachushia kwenye debe la bati. Pombe ilitoka nyeusi, ina ladha ya msumari, na wageni waliinywa kwa adabu tu wakaenda kuitapika nyuma ya zizi. Kunigunda alikuwa msichana mdogo, lakini ulimi wake haukusahau. Tunda na chuma havikai nyumba moja.

Kwa hiyo alijitwisha kapu la maharage akateremka kwenda ziwani, siku mbili kwa miguu kupitia Tingi. Pale Mbamba Bay alimfuata Mama Aidan, mwanamke mpana aliyeuza vyungu vilivyoletwa kwa mitumbwi na wanawake wa Kikisi kutoka kaskazini ya ziwa. Kunigunda alipita akigonga mtungi mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, akisikiliza.

"Hiyo ni ya maji," alisema Mama Aidan bila kuinuka. "Inavuja jasho, ndiyo maana maji yanapoa. Ukitia pombe, nusu itanywewa na sakafu. Gonga ule wenye mdomo mwembamba."

Aliugonga. Ulilia kama kengele ndogo ya kanisani.

"Maharage yako hayafiki, mama," alisema Mama Aidan.

Kunigunda alifungua fundo la kitambaa, akatoa kitenge cha Kongo ambacho Wendelin alimnunulia alipojifungua Erasmo. Kilikuwa bado kipya, maana alikivaa Krismasi tu.

"Kizuri hiki! Hukipendi?"

"Kimenichosha."

Mama Aidan alimtazama usoni, akakikunja kitenge. Alimrudishia na vikombe viwili vya maharage.

Aliporudi, mtungi kichwani ukiwa umelazwa kwenye kata ya majani ya migomba, alipita kwenye misitu ya mteremko chini ya Tingi. Masuku ya mwisho ya msimu yalikuwa yameanguka chini ya miti. Aliokota yale tu yaliyolegea yenyewe, akayatia ndani ya mtungi. Mbele kidogo, kando ya njia, kulikuwa na kichaka cha utupa, ule wanaoutwanga watu wa mito kulevya samaki. Alisimama, akautazama kwa muda wa kusema Salamu Maria moja. Kisha akapita.

Nyumbani hakutia pombe kwenye mtungi mpya siku hiyo. Mtungi mpya unatoa udongo. Aliufukiza moshi kwa kuufunika juu ya makaa, akachemshia uji wa pumba ndani yake, akaumwaga, mwishowe akasugua kuta zake kwa machicha ya pombe ya Emiliana, ili ujifunze kazi. Ulezi alikuwa ameshauotesha, ukaota mizizi midogo kama ndevu za panya, akauanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Uji wa mahindi aliuchemsha katika pipa la chuma, akausubiri upoe hadi kiwiko kiuvumilie, ndipo akatia kimea. Kesho yake ilikuwa togwa tamu. Akaichemsha tena, ikapoa, akaimimina mtungini na kimea kingine.

Masuku aliyakamua kwa vidole. Emiliana alitaka kuleta kinu.

"Ukitwanga unavunja mbegu," alisema Kunigunda, "na mbegu ni chungu. Uchungu nilio nao unatosha."

Hakuyatia kwenye uji wa moto, maana moto unaua kile kinachochachusha. Aliyatia siku ya pili, pombe ilipoanza kunong'ona. Siku ya tatu ilikuwa inatokota bila moto, na siku ya nne aliichuja, akapika na sufuria ya togwa mpya kwa ajili ya watoto. Siku ya tano ndiyo ilikuwa siku ya ngokela, ambayo Emiliana alikuwa ameshawatangazia majirani. Pombe haingojei mtu. Siku ya sita ingekuwa siki.

Jua lilitoka, akaja Emiliana peke yake.

Walikaa ukingoni mwa shamba na majembe yao. Chini bondeni moshi wa majiko ulipanda, watu wakaonekana wakienda kwenye mashamba yao, na hakuna aliyegeuza shingo. Mzee Placidi alikuja taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama majani makavu, akatazama njia tupu. Akaketi juu ya jiwe. Alikuwa amekuja kuona kwa macho, kwani yeye ndiye angeulizwa na ukoo kama shamba limelala au limelimwa.

Kwa kawaida pombe ya ngokela hungoja nyumbani mpaka kazi iishe. Kunigunda alisimama. "Emiliana, tukaulete mtungi hapa."

Waliubeba kwa mti mabegani, Kunigunda na sufuria ya togwa ya watoto kichwani, wakauweka juu kabisa ya shamba, upepo unakotokea. Akatoa jani la mgomba lililofunika mdomo wake.

Harufu ya masuku iliteremka bondeni yenyewe, haikuhitaji mjumbe. Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa Othmar, mtani wa kijiji kizima, aliyekuwa akipita na jembe begani.

"Nani amemwaga bustani ya Edeni huko juu?"

"Njoo na hilo jembe uulize vizuri!" Emiliana alimjibu.

Akaja. Nyuma yake wakaja wawili, kisha watano, na wanawake na vikapu vyao. Walisimama mbali kidogo na mtungi, na Kunigunda alijua wanasubiri nini. Alichovya kata, akaijaza mpaka mdomoni, akainywa yote mbele yao, taratibu, bila kuacha hata tone.

"Tungoje kidogo," alisema Othmar, "tuone kama anaanguka."

"Mkingoja sana nitaimaliza."

Kicheko kilipasuka, na ndani ya kicheko hicho kuna mtu alishika rundo la kwanza la majani. Kila mmoja akapewa kata moja ya kufungulia kazi. Wanaume walipanga mistari, wanawake wakawafuata na maharage na majembe, wakiimba, na miraba ikashuka mlimani mmoja baada ya mwingine. Alasiri ilipofika, palibaki kona ndogo tu.

Ndipo alipokuja Wendelin, amevaa viatu. Alimsalimia baba yake, akasogea kwenye mtungi kama mwenye nyumba.

"Mama Erasmo, nipatie na mimi. Harufu imefika mpaka kwangu."

Wimbo ulikatika. Kunigunda alikuwa na kata mkononi. Aliitazama mikono ya mumewe, safi mpaka kwenye kucha. Akainama, si kwenye mtungi, bali kwenye sufuria ya watoto. Akachota togwa, akampa kwa mikono miwili, na magoti akakunja kidogo, kama apasavyo mke.

"Kata ya ngokela ni ya mkono wenye udongo, Baba Erasmo. Watoto na wageni wanakunywa togwa."

"Mfungie na kitambaa shingoni asijimwagie!" Othmar alipiga kelele kutoka chini.

Wendelin alimgeukia baba yake. Kukataa kinywaji ulichopewa mbele ya wazee ni tusi, na yeye alilijua hilo tangu utoto.

"Kunywa, mwanangu," alisema Mzee Placidi. "Ni tamu." Akangoja mpaka kata ikaisha. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea mlimani. "Na wakati wa kurudi, pita juu, usikanyage ngolo. Shamba hili limelimwa."

Wendelin alipita juu. Kunigunda hakumtazama akienda. Alikwenda kufukia kona iliyobaki, na mvua ya kwanza ya jioni ilipoanza kudondoka kwenye mashimo, watu walikuwa wanamalizia kata za mwisho.

Aliuosha mtungi kesho yake kwa maji ya mtoni, bila majivu. Chini kabisa aliacha machicha kidogo.