Mama Panya na Maganda ya Machungwa

Mama yangu wanamwita Mama Panya, na jina hilo halimkeri hata chembe. Miaka kumi na tisa amewalisha panya wa maabara: anasafisha vizimba, anabadilisha maranda, anajaza chupa za maji. Kwetu tumezaliwa sita, na kila tunda lililoingia nyumbani lilikatwa vipande sita sawasawa. Hajui kumpa mmoja akamnyima mwingine, na hilo ndilo lililomponza.

Daktari wa utafiti alitaka kujua kama kemikali zilizomo kwenye maganda ya machungwa zinaweza kuisaidia mifupa isidhoofike uzeeni. Mama akaanika maganda, akayasaga, akachanganya unga wake na chakula cha panya wazee wa upande wa kulia. Wa kushoto walipaswa kula chakula kitupu, ili walinganishwe. Sasa wale wa kushoto wakisikia harufu, wanang'ang'ania waya na kumkodolea macho. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hata mwana awe na mkia. Kila asubuhi akawa anawadondoshea na wao kidogo.

Baada ya wiki kumi na mbili mifupa ikapimwa. Pande zote sawa.

"Basi," daktari akasema, "maganda hayana kitu. Naandika hivyo."

Mama akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, kazi imeota mbawa. Mimi ningenyamaza, nakiri. Yeye alivua glavu.

"Daktari, usiandike. Wa kushoto nao niliwalisha. Nilishindwa kuwaona wakitamani."

Akaanza kukunja koti lake la kazi. Daktari akamzuia.

"Unakwenda wapi, mama? Tunaanza upya, na panya wengine."

Mara hii mama aliwanyima kweli wa kushoto, huku akiwaomba radhi kila asubuhi: "Samahanini wanangu, ni kazi." Tulimcheka sana nyumbani. Wiki zikapita, na mifupa ya upande wa kulia ikatoka imara kidogo. Kidogo tu, daktari alisisitiza, na panya si binadamu. Bado kuna mengi ya kupima.

Siku ya majibu hayo, stoo ya chakula cha panya iliwekwa kufuli jipya, ufunguo mmoja. Msaidizi wa daktari, mwenye shahada mbili, akanyoosha mkono aupokee. Daktari akampita, akamkabidhi mama ufunguo.

"Wewe nikikuuliza, utaniambia ukweli."

Mama alirudi nyumbani ameuvaa shingoni. Akatuita wote sita, akatupa tuushike, mmoja mmoja, kwa zamu sawa.