Ng'ombe Aliyelala Nje

Bibi yangu Tusekile aliwahi kubishana na wanaume wa kijiji kizima, na akawashinda. Nasema hivyo kwa majivuno, na anayetaka kununa na anune.

Mwaka 1956 babu Asukile alirudi Rungwe kutoka Iringa, alikokuwa akichunga kwenye shamba la mzungu. Alikuja akiswaga ng'ombe chotara wa maziwa, mkubwa, mwenye madoa meusi na meupe. Huyo ndiye angekuwa mahari ya mwana wao Yotamu. Mzee Sedekia, baba wa Sekela, binti aliyeposwa, alikuwa amekubali, ila kwa sharti: mwezi ujao atakuja kumtazama. Akimkuta mzima, harusi ipo. Akimkuta mgonjwa, Sekela ataolewa kwingine.

Kwetu Wanyakyusa wakati ule ng'ombe walilala ndani pamoja nasi, upande wao wa nyumba, moto ukiwaka. Kumlaza ng'ombe nje kulikuwa kumdharau. Basi mgeni akapewa nafasi nzuri kuliko zote, karibu kabisa na moto.

Akaanza kudhoofika. Usiku kucha alihema ulimi nje, majani hayagusi, maziwa yakapungua. Ng'ombe wetu wafupi waliolala pembeni yake walicheua tu, hawana habari. Wazee wakasema ni kijicho cha majirani. Babu akaanza kunoa kisu, maana afadhali nyama kuliko mzoga.

Bibi alikuwa ameona jambo. Asubuhi, akitolewa nje penye ukungu, yule ng'ombe alikula vizuri. Jioni alikaza miguu mlangoni, hataki kuingia.

"Baba Yotamu, weka kisu," akamwambia babu. "Huyu anaona joto. Wetu wamezaliwa kwenye moshi, yeye hakuzaliwa humo."

Akamjengea banda nyuma ya migomba, paa la nyasi, bila kuta. Akamkatia majani, akamchotea maji, na kila jioni akamtoa kupe kwa vidole, tangu masikioni hadi chini ya mkia, kwa sababu kupe waliozoeleka na ng'ombe wetu wangeweza kumuua huyu. Watu walicheka sana. Babu aliona aibu hata kanisani akawa anakaa nyuma.

Sedekia akaja, akamkuta ng'ombe bandani. Akakunja uso.

"Mama Yotamu, mahari ya binti yangu mnailaza nje?"

"Baba Sekela, keti kwanza."

Bibi akachukua ndoo, akachuchumaa, akakamua. Ng'ombe wetu hawatoi hata tone mpaka ndama anyonye kwanza. Huyu hakuwa na ndama karibu, na ndoo ikajaa hadi povu likamwagika.

Sedekia akalizunguka banda, akashika nguzo moja moja.

"Leo simchukui," akasema. Babu akainamisha kichwa. "Mama Yotamu akishakuja kunijengea banda kama hili, ndipo nitamchukua."

Sekela ndiye mama yangu. Na siku ile ya kwenda kujenga, bibi alitangulia na panga lake begani, babu akimfuata nyuma, amebeba nguzo.