Msimu Ambao Boma Lilimngoja Mama

Mbegu ya mtama iliyokaa juu ya moshi wa meko, ikachanganywa na majivu ili wadudu wasiifikie, ina harufu kavu inayokwaruza koo. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa nyumbani mwa mama, huko Uriri, mwezi wa Machi mwaka 1965. Shemeji yangu hudai ilikuwa 1964. Anakosea, kwa kuwa mdogo wangu wa mwisho alikufa kwa surua Januari ya 1965, na ni baada ya kumzika ndipo mama alipoketi juu ya mkeka, akakoma kusema. Hakulia. Aliutazama ukuta kama mtu anayesubiri maji yachemke, na chakula tulichomwekea kilipoa mbele yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema majirani, nao wakaacha kumsumbua.

Lakini mvua ikaanza. Mama alikuwa mikayi, yaani mke wa kwanza wa baba, na katika desturi yetu hakuna mkono unaoutangulia wa mikayi kutia mbegu ardhini. Mke wa pili humfuata, kisha wake za wana. Atakayemruka huiletea jamaa laana. Basi boma zima lilikaa na majembe yaliyonolewa. Udongo ukalainika, mtama wa majirani ukachipua, nasi tukakorogewa uji mwepesi kutoka ghala lililokaribia kuonyesha sakafu. Baba alimsihi. Mwalimu wa kanisa alimwombea. Mama alikuwa palepale.

Asubuhi moja mke mwenzake, Min Opiyo, alisimama mlangoni, jembe begani na kibuyu cha mbegu mkononi.

"Mikayi, leo napanda. Wanangu hawashibi heshima yako."

Mama aliendelea kuutazama ukuta.

"Nitaanzia shambani kwako, ili kila apitaye aone kuwa nyumba hii haina mwenyewe."

"Thubutu," mama alisema. Nilikuwa nimeisahau sauti yake.

"Nithubutu mara ngapi? Nani atanizuia, wewe au huo mkeka?"

Mama aliinuka kwa kushika ukuta, akakitwaa kibuyu chake kutoka juu ya meko, akampita mwenzake kama mtu apitaye mti. Min Opiyo alikiweka chini kibuyu chake, akamsindikiza kwa macho. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilichungulia ndani ya kibuyu hicho. Hakikuwa na hata punje moja.

Kufikia adhuhuri boma lote lilikuwa shambani. Mama alipanda kipande chake mpaka mwisho, uso wake ukiwa uleule. Jioni alikula. Watu walifurahi kwamba amepona. Mimi niliyeishi naye nilijua kwamba ni mikono tu iliyorudi, na moyo ulichelewa sana kuifuata.

Mimi ni mjane tangu Juni 2021. Nilianza shule nikiwa tayari na watoto wanne, basi nakielewa Kiingereza cha mjukuu wangu anaponiambia kwa simu kutoka Homa Bay, "Snap out of it, Dani," kwamba mimi bibi yake nijikung'ute huzuni kama vumbi la nguo. Namjibu kwamba sijambo. Sina uchungu, wala njaa, wala hamu, na simwombi mtu anihurumie. Mimi pia ni mikayi. Wake za wanangu ni wanawake wema, nao husema mambo ya kumsubiri mikayi atangulie kupanda yamepitwa na wakati. Sikuwapinga. Mwaka huu mvua ya Machi ilipoanza, walikuwa wamekwisha kupanda shamba lote kabla sijafungua mlango.