Viatu vya Noreen

Nilipopanga chumba cha juu nyumbani kwa Hazel Thackray, mjini Grimsby, Uingereza, mikono yake ilinuka samaki siku sita za wiki. Alikuwa mfungashaji kiwandani. Lakini kila Jumamosi alitandaza gazeti mezani, akafungua kopo la dawa nyeusi ya viatu, na kwa pamba na mate akavizungushia viatu vyake viduara vidogo mpaka vikawa kioo.

"Jeshi lilinifukuza mimi," alisema, "mikono haikupata barua."

Alifukuzwa mwaka 1983. Alikuwa dereva wa malori, na kosa lake ni kumpenda dereva mwenzake, Noreen Pugh, binti wa mchimba makaa kutoka Wales. Siku hizo jeshi halikutaka watu wa namna hiyo, wake kwa waume. Polisi wa jeshi walipekua makabati yao, wakawatenga vyumba viwili. Siku ya pili polisi mmoja alimletea Hazel chai.

"Mwenzako keshasema yote. Wewe unamficha nani?"

Hazel naye akasema yote.

Barua saba za Noreen alizirudisha bila kuzifungua. Noreen alipokufa kwa saratani, hakwenda mazikoni. "Aliyeniuza, nikamtupie udongo wa nini?"

Kisha wanajeshi waliofukuzwa kama yeye wakaanza kuishtaki serikali. Hazel alimwendea wakili, binti mmoja aitwaye Rafferty, aliyemuuliza anadai fidia ya kiasi gani.

"Fidia utajua mwenyewe, mwanangu. Mimi nataka faili langu. Nataka kusoma alichosema Noreen."

Ilichukua mwaka na nusu. Faili lilifika Jumatano, tukiwa tunakula chipsi kwa siki. Hazel alilisukuma upande wangu.

"Soma wewe. Miwani yangu mibovu."

Asubuhi ile ile miwani hiyo ilikuwa imesoma bei za sokoni gazetini. Nikasoma.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa sajini wao. Aliandika kwamba kwenye ukaguzi wa viatu alimtilia shaka Pugh, maana Pugh hajui kushika brashi, na ghafla viatu vyake vinang'aa kuliko vya kambi nzima. Tena viduara vimezungushwa kwa mkono wa kushoto. Anayetumia mkono wa kushoto bwenini ni Thackray peke yake. Wachunguzwe.

Hazel alicheka. "Yule hata siagi ilimshinda kupaka kwenye mkate. Kila wiki anaadhibiwa kwa viatu. Nilimhurumia tu, nikamng'arishia."

Kurasa zilizofuata zilikuwa mahojiano ya Noreen. Alihojiwa mara sita. Mara sita jibu lilikuwa moja: Sina la kusema. Chini yake ofisa aliandika: Pugh hajakiri, ushahidi hautoshi, arudishwe kazini.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kesho yake. Thackray amekiri na kumtaja Pugh. Wote wawili waachishwe kazi.

"Soma tena tarehe," Hazel alisema.

Nikasoma tena.

"Naye walimfukuza?"

"Wiki tatu baada yako."

"Mimi nilijua alibaki. Nilijua walimpa cheo kwa kunisema." Alizikusanya zile chipsi zilizopoa, akazikunja kwenye karatasi yake, akabaki amezishika. "Zile barua saba," alisema.

Majaji wa Ulaya walitoa hukumu mwaka uliofuata, na serikali ikaifuta ile amri ya kuwakataza watu kama Hazel jeshini. Rafferty alipiga simu. Nilisikia sauti yake kutoka kwenye ngazi.

"Tumeshinda, Bi Hazel. Umenisikia? Tumeshinda."

"Nimekusikia, mwanangu. Ahsante. Umefanya kazi kubwa." Akarudisha simu mahali pake, akaenda kuanika nguo.

Tangu siku ya faili, Jumamosi hakutandaza gazeti tena. Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, alitoa koti lake jeusi na kwa mara ya kwanza akaenda kusimama na wanajeshi wa zamani kwenye mnara wa kumbukumbu. Mzee Alf, jirani yetu aliyekuwa mpishi wa jeshi, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Thackray, umetoka kuvuna viazi? Hivyo ndivyo viatu vya askari?"

"Ni viatu vya askari, Alf. Sogea nipate nafasi."

Alisimama mstarini mpaka tarumbeta lilipokoma, ncha za viatu vyake zimefifia na kuchubuka, kama za Noreen kabla Hazel hajamwonea huruma.