Aliyerukwa Kwenye Salamu

Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu uniache niseme. Haya sikuyasikia kwa jirani. Yalinipata mimi mwenyewe, uani kwangu hapa Isiolo, alasiri, jua bado kali, na wallahi sikuwa na homa wala usingizi.

Ilikuwa ile miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini. Walioiona hawapendi kuitaja, nami sitaitaja sana. Ngamia wa watu walipigwa risasi, watu wakafungiwa kambini, na ukitaka kutoka mjini uombe ruhusa kwa askari wa kizuizini. Sasa katikati ya dhiki hiyo, mzungu mmoja, daktari wa mifugo, na mkewe, wakaamua wanataka kutembea! Walikuwa wanarudi kwao, lakini eti lazima kwanza wauzunguke huu mlima wetu wenye theluji. Wakachukua lori kuukuu wakaligeuza nyumba: kitanda ndani, jiko la mafuta ya taa, karai la vyombo, hata mapazia. Mapazia nilishona mimi. Mume wangu Yusuf ndiye aliyekuwa fundi wa lori hilo, na ndiye angeliendesha.

Siku hiyo walitandaza ramani juu ya boneti wakapanga watalala wapi. Yusuf alikuwa ameendesha malori barabara ya Timau tangu ujana. Akawaonyesha penye maji, akawaonyesha pasipo na pa kugeuzia gari. Memsahib, yule mkewe, akaweka kidole kwenye kona moja ya juu ya barabara hiyo, pale unapoiona nchi yote ya chini mpaka milima ya Samburu. Hapo ndipo alipotaka kulala kwanza.

"Memsahib, hapo si pazuri siku hizi," Yusuf akamwambia.

Akacheka. Hao ndio wazungu! Wakaenda zao kufunga mizigo, Yusuf akaingia chini ya lori kutazama breki.

Nikasikia, "Salaam aleikum."

Mzee amesimama langoni. Mrefu, mkavu, shuka begani, fimbo mkononi. Nikaitikia, nikamkaribisha chai. Hakujibu habari ya chai. Akanitazama kama mtu niliyemwibia, akaanza salamu kwa Kiborana. Salamu za huku unazijua? Ni ndefu. Mgeni anauliza watu, anauliza mifugo, anauliza mvua, na wewe unajibu amani, amani, hata kama nyumba inaungua. Habari mbaya husemwa baadaye.

"Watu wa nyumba ni amani?"

"Amani."

Akawataja watoto wangu kwa majina, mmoja mmoja. Amani. Mama mkwe aliyelala chumbani. Amani. Mbuzi wetu aliyezaa mapacha. Amani. Mimi najibu tu, mdomo unakwenda wenyewe, nikidhani ni jamaa wa upande wa mume. Kisha akasema, "Na huyo uliye naye tumboni, ni amani?"

Mimba ilikuwa changa, hata Yusuf nilikuwa sijamwambia. Nani alimwambia huyu?

Akauliza wazungu. Akauliza hata lori. Hapo salamu zikaisha.

Nikangoja. Miguu ya Yusuf imetokeza chini ya lori, hatua chache tu kutoka kwa huyo mzee. Sikiliza nikwambie: kwetu mwenye nyumba haachwi kwenye salamu. Anayerukwa ni maiti. Ukijua nyumba fulani imefiwa, unawauliza wote, unamruka marehemu, na wenyewe wanaelewa kwamba habari zimekufikia.

"Mzee," nikamwambia, "mbona humuulizi mume wangu?"

Akakunja uso kwa hasira. "Huyo nimuulize nini? Huyo tumeshaonana huko juu, kwenye kona."

Akageuka akaenda. Nikatoka mbio mpaka barabarani. Barabara ilikuwa nyeupe, tupu, pande zote mbili. Hapakuwa na kichaka cha kuficha hata kuku.

Yusuf akatoka chini ya lori akipangusa mikono. Sauti aliisikia, maneno hakuyashika. Nilipomweleza akanicheka. Nikalia, akakasirika. "We mwanamke, unataka tule nini?"

Asubuhi wazungu wamepanda, gari linanguruma, nikaenda nikalala chini mbele ya gurudumu. Ndiyo, mimi, mbele ya mtaa mzima. Yusuf akashuka akanitukana matusi ambayo sitayarudia hapa. Akanivuta mkono, nikarudi palepale. Mwisho bwana daktari akapoteza subira, akashika usukani mwenyewe, akamfuta Yusuf kazi papo hapo. Mume wangu hakunisemesha mpaka walipopita kurudi.

Walirudi wazima, wamechomwa na jua, wanacheka. Yusuf akanitazama kwa jicho la kuniua. Ndipo memsahib akasema, "Kuna mzee alikuja pale kwenye kona. Alichungulia ndani ya gari, akafungua mapazia, akatazama hata chini ya kitanda. Alikuwa na hasira sana. Aliuliza, dereva yuko wapi?"

Yusuf akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Tangu siku ile hakupanda barabara ile tena. Udereva aliuacha, akauza vipuri sokoni. Mwanetu mkubwa amejenga Nanyuki, ambako hufiki bila kuipita kona ile, ameoa huko, amezaa huko, na baba yake hajakanyaga. Harusi hakwenda, wajukuu walipozaliwa wakachinjiwa akika hakwenda. Kijana anaamini baba hampendi. Tumwambie nini? Angetuona wendawazimu.

Sasa Yusuf ni mzee, kifua kimemshika. Juzi ameniambia, "Jumamosi nakwenda kwa mwanangu. Nikifa hapa kitandani, atabaki akidhani nilimchukia." Nimegombana naye, nimelia, nimechoka. Safari hii simzuii. Nitakaa kiti cha mbele, kati yake na dirisha, na huyo mzee akichungulia atauona uso wangu kwanza.

Basi wewe, mtu akikusalimu usiitikie kama kasuku. Sikiliza amemwacha nani. Na tukikutana njiani Jumamosi, usiniulize mimi wala watoto. Muulize Yusuf, kwa jina lake, kwa sauti ya juu. Ukimruka, haki ya Mungu, nitashuka garini nikushike koo mpaka umuulize.