Mwili Uliokuwa Ukinipunguzia Bei

Kuketi wima kulinigharimu jogoo wawili, mto mmoja wa sufi, na siku nzima ya soko ambayo sikuweza kupaza sauti. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nilipohesabu tena nikakumbuka mlango wa banda la kuku, nao ndio uliosaidia. Kuku waliobaki walilala wazi mpaka paka-mwitu akapata habari, kwa hiyo hata hesabu ya pili siiamini sana.

Ni miaka michache tu tangu Uhuru. Nauza magunia matupu Busia, upande wetu wa mpaka, kwenye baraza ya mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la nguo na mafuta ya taa. Miguu ilikuwa imeniacha zamani, hilo nilishalimeza. Ugonjwa huu wa misuli hauna haraka. Hula kidogo kidogo kama panya ghalani, na sasa ulikuwa umepanda hadi kiunoni na mgongoni. Asubuhi mke wangu alikuwa akinikalisha vizuri kwenye kiti changu cha magurudumu, kiti cha turubai kilichokuwa cha mgonjwa mwingine kabla yangu. Saa nne nilikuwa nimeanza kulala kushoto. Saa sita mbavu za chini zilikuwa zimekalia mfupa wa nyonga, na kila pumzi ilizisugua hapo hapo. Ukiniuliza inauma vipi, nitakuambia jaribu kukalia ubavu wako mwenyewe mpaka alasiri, kisha uje tuongee.

Maumivu peke yake labda ningeyazoea. Lakini soko halisikilizi mdomo tu. Muuzaji akiegemea nyuma, wanunuzi wanajua bei ndiyo hiyo. Akiinamia bidhaa yake, ameanza kulegea, na hapo mteja mwenye akili hunyamaza amngoje. Akina mama waliovuka kutoka Uganda kutafuta magunia ya kahawa walilijua hilo tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Siku moja nikamsikia mmoja, mnene, mwenye kitenge cha kijani, akimwambia mwenzake:

“Usimlipe sasa. Huyu ssebo, huyu bwana wa magunia, ikifika saa saba huinama. Akiinama, mpe nusu.”

“Mama, mimi siinami. Naumwa.”

“Pole sana,” akasema, akakaa chini kungoja.

Mwenye duka naye hakuwa mbali.

“Bwana, baraza si kitanda. Watu wanakuona unaanguka, wananiuliza kama nauza nguo au sanda. Kama huwezi kukaa mpaka alasiri, kuna muuza samaki anaitaka nafasi hii.”

“Samaki watanuka, mzee.”

“Watanuka, ndiyo. Lakini hawaangukii wateja.”

Akanipa mpaka mwezi uishe. Baada ya hapo ingekuwa ni kurudi nyumbani, upande wa Butula, kuambua maharagwe mlangoni na kuhesabiwa pamoja na kuku. Mtu aliyezoea kubishana na nchi mbili hawezi kustaafu kwa maharagwe.

Basi ushauri ukaja, tena bure, ndiyo maana ulikuwa mwingi. Kila mtu alitazama mbavu. Mke wangu akauchukua mto wake wa sufi, ule aliokuja nao alipoolewa, akaukandamiza kati ya ubavu na mkono wa kiti. Kufikia saa tano nilikuwa nimeulalia mpaka umepasuka, na sufi inapepea baraza nzima. Mwenye duka akapiga chafya, akanikumbusha muuza samaki.

Ndipo akaja jamaa wa baiskeli, mmoja wa wale wanaovusha watu na mizigo mpakani. Akanizunguka kama anayekagua kitanda cha kuvusha.

“Mzee, hapa hakuna ugonjwa. Hapa kuna mzigo uliofungwa vibaya.”

“Mimi ni mtu.”

“Na mtu ni mzigo. Mimi nimevusha mbuzi wanne kwa safari moja, hakuna aliyeinama.”

Bei yake ilikuwa jogoo mmoja. Akatoa kamba zake za mpira, zile zinazokatwa kwenye tairi la ndani, akanizungushia kifuani na mgongo wa kiti, akaweka goti lake na kuvuta. Nikawa wima kama nguzo ya simu. Ila pumzi ya kushuka hadi tumboni haikuwepo. Wateja walikuja, wakataja bei za aibu, nami nikawa nafungua mdomo kama samaki wa yule anayeitaka nafasi yangu. Siku hiyo magunia yaliuzwa kwa bei waliyojipangia wenyewe. Jioni nikamnong'oneza jamaa anifungue.

“Kufungua ni jogoo mwingine,” akasema.

Nilibishana naye kwa macho. Haikusaidia.

Siku chache baadaye tulikuwa tunapanga mali asubuhi. Rundo moja la magunia lilikuwa limelala upande, na mwenye duka akawa analisukuma kwa goti, analipigapiga ubavuni. Kila akiliacha, linalala tena. Mambo ya namna hiyo hunichosha.

“Mzee, unasukuma nini huko juu? Tazama la chini. La chini limebonyea. Tia kitu chini, la juu litanyooka lenyewe.”

Mke wangu alikuwa anafagia. Akasimama na ufagio wake, akanitazama, akatazama turubai nililokalia, ambalo lilikuwa limelegea kama bembea, na upande wa kushoto limezama zaidi.

“Umejisikia ulivyosema?” akauliza.

Nilijisikia. Nikamwambia atafute ubao.

Mlango wa banda la kuku ukakatwa kwa kipimo cha kiti, ukawekwa chini yangu, na juu yake gunia lililokunjwa, likakunjwa tena upande wa kushoto kuinua nyonga. Magurudumu madogo ya mbele yakapandishwa juu ya tofali, nikaegemea nyuma kidogo. Mbavu zikaachana na mfupa. Saa saba ikapita. Mama wa kitenge cha kijani akangoja mpaka saa tisa.

“Leo umekataa kabisa?” akauliza.

“Sijasema kitu.”

“Naona unavyoegemea.”

Akalipa bei kamili, akanuna. Muuza samaki akaambiwa atafute kwingine.

Nisidanganye mtu kwamba yaliishia hapo. Ubao unauma makalio, kwa hiyo mke wangu huacha vitunguu anavyouza pembeni kila mara kuja kuniinua na kunisogeza, na kila nikiinuliwa nasikia habari za mto. Kunjo la gunia tumeliongeza mara mbili, kwa sababu ugonjwa haujaacha kazi yake. Na sasa umefika shingoni. Wiki iliyopita mama yule yule alitaja nusu ya bei, na kabla sijamcheka, kichwa changu kikaanguka mbele.

“Amekubali,” akawaambia wenzake. “Mmeona wote.”

Waliona wote. Magunia ishirini yakavuka mpaka. Kwa hiyo ninauliza, kwa heshima: anayejua namna ya kushikilia kichwa cha mtu mzima kuanzia asubuhi hadi alasiri, huku akibaki na pumzi ya kubishana, anieleze. Ila asije na kamba za mpira, na bei yake tukubaliane kwanza, kichwa changu kikiwa kimeegemea ukuta.