Bata wa Kinamasi cha Luzira

Mwaka wa 1975 Obwona alikuwa askari wa kulinda ghala la jeshi karibu na Luzira. Akitoka zamu alfajiri alipita kando ya kinamasi, na huko ndiko alikojuana na Kavugho, mama wa Kikongo aliyekata mafunjo ya kusukia mikeka. Mwanzoni mama huyo, kama raia wengi siku zile za utawala wa kijeshi, akiona sare aliogopa. Obwona akamsaidia kubeba mzigo, siku nyingine tena, mpaka akaitwa "kaka".

Kavugho ndiye aliyemwonyesha bata mwitu. Walikuja kila Desemba, wakikimbia baridi kali ya nchi za kaskazini.

"Tazama, kaka," alinong'ona.

Bata waliinamisha vichwa majini, mikia juu, wakichokoa mbegu za mayungiyungi na konokono wa matopeni. Jua likipanda walikuwa wameshiba, wanasinzia juu ya maji. Kavugho alikata mafunjo polepole, asiwashtue.

Januari, mkubwa wa Obwona alilalamika kwamba karamu yake haina nyama ya maana. Hakuna aliyemuuliza Obwona kitu. Mwenyewe alipiga saluti, akasema, "Afande, mimi najua bata wanakula wapi." Alitaka tu kuonekana.

Kesho yake aliwaongoza wenzake hadi kinamasini. Bunduki zilipolia, Kavugho alikuwa katikati ya mafunjo. Alijitupa chini, akatoka akitambaa, tope mpaka nywele. Askari waliangua kicheko. Obwona naye alicheka, kidogo, wasije wakamshangaa.

Mama yule alimtazama. "Samahani, afande," akasema, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Akaondoka, mzigo akauacha.

Jioni Obwona alipewa kazi ya kupasua wale bata. Firigisi zilikuwa zimejaa mbegu. Mkubwa alimsifu mbele ya wageni, akampa sahani ya nyama.

Jumapili alivaa nguo za kiraia, akapanda kilima hadi Kisugu alikoishi Kavugho. Mlango ulifunguliwa na dada ya Kavugho, Monique, aliyemtambua hata bila sare. Nyuma ya pazia mtu alikohoa, kikohozi kikazibwa haraka.

"Kavugho hayupo. Tumekosa nini tena, afande?"

"Hapana, mama. Nimekuja kusema pole. Nimemkosea sana."

"Ndiyo, afande. Tumepokea," Monique alijibu upesi, mikono imeshikana mbele, kama mtu anayetii amri.

Obwona aliaga. Akashuka kilima akitazama viatu vyake.